Askari wa Leo katika Vita vya Jana: Riwaya ya Historia Mbadala na Sarufi ya -ngali-



1. Utangulizi

Miongoni mwa tanzu za bunilizi zilizostawi katika karne ya 20 kuna riwaya ya historia mbadala, yaani riwaya inayochukua tukio la kihistoria linalojulikana, ikaligeuza mahali pamoja, kisha ikafuatilia matokeo ya mgeuko huo. Ndani ya utanzu huu kuna kijitanzu ambacho ndicho mada ya mhadhara wa leo, nacho ni masimulizi ya askari au silaha za zama zetu zinazotupwa katika vita vya zamani. Manowari inayoendeshwa kwa nguvu za nyuklia inatokea katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1941. Bunduki za AK-47 zinafika mikononi mwa wapiganaji wa mwaka 1864. Kifaru kinakabiliana na wapanda farasi wenye mikuki.

Huenda mtu akauliza mada hii inaingiaje katika taaluma za Kiswahili. Nina majibu mawili. Kwanza, historia mbadala ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la silaha, kwa kuwa kila masimulizi ya aina hii yamejengwa juu ya sentensi ya sharti lisilotimia, na Kiswahili kina viambishi maalumu vya kazi hiyo. Pili, sisi pia tuna vita ambavyo watu wamevijadili kwa miaka mingi wakiuliza “ingalikuwaje?” Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, ni mfano ulio wazi. Nitaanza kwa kueleza utanzu wenyewe mahali ulikokulia, kisha nitaingia katika sarufi, na mwisho nitaupima utanzu huu kwa kuupeleka katika vilima vya Umatumbi.

2. Utanzu ulikotoka

Mizizi ya masimulizi haya ni mirefu. Mwaka 1889 mwandishi Mmarekani Mark Twain alitoa riwaya yake *A Connecticut Yankee in King Arthur's Court*. Mhusika mkuu, Hank Morgan, ni msimamizi katika kiwanda cha silaha cha Colt mjini Hartford. Anapigwa kichwani katika ugomvi, anazirai, na kuzinduka katika Uingereza ya karne ya 6. Huko anaanzisha shule, magazeti na simu, na hatimaye analeta bunduki za Gatling na nyaya za umeme. Katika pambano la mwisho yeye na vijana wachache wanawaua maelfu ya wapiganaji waliovaa deraya. Hata hivyo ushindi huo hauna faida. Maiti zinawazingira, hewa inachafuka, na washindi wanaanza kuugua na kufa ndani ya ngome yao wenyewe. Twain alikuwa amekwisha kuonyesha, kabla utanzu haujapata jina, kwamba silaha kubwa kuliko zama zake humfunga hata mwenye kuishika.

Mmarekani mwingine, L. Sprague de Camp, alishika njia tofauti katika riwaya yake *Lest Darkness Fall*, iliyotoka kwa umbo la kitabu mwaka 1941. Shujaa wake si askari bali ni mwanaakiolojia anayejikuta Roma katika karne ya 6. Anajaribu kutengeneza baruti na kushindwa. Kinachomfaa ni mambo ya kawaida: kukeneka pombe kali, kuweka hesabu za biashara kwa utaratibu mpya, na kupiga chapa maandishi. Tangu hapo utanzu umekuwa na mikondo miwili, mmoja unaoamini bunduki na mwingine unaoamini maarifa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, askari wenyewe ndio waliosafirishwa. Mwaka 1971 Mjapani Hanmura Ryo aliandika *Sengoku Jieitai*, kisa cha kikosi cha Jeshi la Kujihami la Japani kinachotupwa katika karne ya 16, wakati wa vita vya mabwana wa Kijapani. Filamu iliyotokana na kisa hicho ilitolewa mwaka 1979. Ndani yake askari wana kifaru, helikopta na bunduki za rashasha, lakini kila pambano linawapunguzia risasi na mafuta, na anayewamaliza mwishowe ni yule yule aliyekuwa mshirika wao. Mwaka 1980 Marekani ilitoa filamu *The Final Countdown*, ambamo manowari ya kubeba ndege, USS Nimitz, inajikuta karibu na Hawaii katika mkesha wa shambulio la Pearl Harbor. Nahodha anaamua kushambulia, na ndege zake ziko angani, lakini dhoruba iliyowaleta inarudi na kuwarejesha katika wakati wao. Watunzi waliifikia hatua ya kubadili historia, wakarudi nyuma.

Si bahati kwamba Japani imeupenda sana mkondo huu. Katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1947 inakataa vita kuwa haki ya dola, na Jeshi la Kujihami liliundwa mwaka 1954 chini ya katiba hiyo hiyo. Askari aliyefunzwa kupigana lakini asiyepigana ni mhusika mwenye mgogoro tayari, hata kabla mtunzi hajamsogeza katika wakati mwingine. Kawaguchi Kaiji aliutumia mgogoro huo katika *Zipang*, simulizi ya katuni iliyochapishwa kwa mfululizo kuanzia mwaka 2000 hadi 2009. Manowari ya kisasa iitwayo Mirai, jina lenye maana ya “wakati ujao”, inatokea katikati ya mapigano ya Midway ya Juni 1942. Maofisa wake wanashindana kwa hoja zaidi kuliko kwa makombora: je, wana haki ya kuingilia?

3. Bunduki na kitabu

Kitabu kinachotajwa mara nyingi zaidi katika mkondo huu ni *The Guns of the South* cha Harry Turtledove, kilichotolewa mwaka 1992. Mwandishi ni mwanahistoria aliyesomea Bizanti hadi shahada ya uzamivu. Katika riwaya hii, Makaburu wenye itikadi ya ubaguzi wanatoka mwaka 2014, wanarudi nyuma miaka 150 kamili, na kumpelekea Jenerali Robert E. Lee bunduki za AK-47. Nia yao ni kuliwezesha jeshi la Kusini lishinde, ili ipatikane dola yenye nguvu itakayoulinda ubaguzi wa rangi duniani. Tukumbuke mwaka wa kuchapishwa: Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani mwaka 1990, na uchaguzi wa watu wote ulikuwa bado, hadi mwaka 1994. Riwaya kuhusu Marekani ya mwaka 1864 ilikuwa pia riwaya kuhusu Afrika Kusini ya siku zake.

Bunduki zinafanya kazi yake. Askari wa enzi hiyo alishindilia baruti na risasi mdomoni mwa mtutu, akapiga mara mbili au tatu kwa dakika. AK-47 ina uwezo wa kutoa takriban risasi 600 katika dakika hiyo hiyo. Kusini inashinda. Lakini geuko kubwa la riwaya linakuja baadaye. Lee anapata kitabu cha historia kilicholetwa kutoka wakati ujao, na humo anasoma jinsi vizazi vya baadaye vilivyouhukumu utumwa. Anayageuka matakwa ya waliompa silaha, anaingia madarakani, na kuanza kutafuta njia ya kuuondoa utumwa hatua kwa hatua. Waliomletea bunduki wanamgeukia kwa risasi.

Tulinganishe na *Zipang*. Huko pia, ofisa wa mwaka 1942 aitwaye Kusaka anaokolewa na Mirai, anaingia katika maktaba ya manowari, na kusoma habari za kushindwa kwa nchi yake. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye anayeisukuma hadithi, wala si makombora. Watunzi hawa wawili, wa nchi mbili na lugha mbili, wamefika mahali pamoja: chombo kinachogeuza historia ni maandishi. Bunduki inabadili nani ameshinda pambano. Kitabu kinabadili kile ambacho mshindi anakitaka.

4. Sarufi ya jambo lisilotokea

Sasa tuingie katika Kiswahili. Sarufi za kimapokeo, ikiwamo ile ya Ashton ya mwaka 1944, hutofautisha sharti ambalo bado lingewezekana na sharti ambalo wakati wake umekwisha kupita:

(1) Wangekuwa na bunduki, wangeshinda.
(2) Wangalikuwa na bunduki, wangalishinda.

Sentensi ya (1) haijafunga mlango. Sentensi ya (2) inazungumza juu ya mlango uliokwisha kufungwa. Katika mazungumzo ya siku hizi wengi hutumia -nge- mahali pote, na wapo wanaosema -ngeli-. Hata hivyo, mwandishi wa historia mbadala ana sababu ya kuilinda tofauti hii, kwa kuwa utanzu mzima umesimama juu yake.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba sarufi sanifu hudai kiambishi kile kile katika vishazi vyote viwili. Sharti na tokeo vyote hubeba -ngali-. Msemaji hawezi kuukiri uwongo wa nusu ya kwanza na kuipa nusu ya pili sura ya ukweli. Aidha, neno *kama* si la lazima, kwani kitenzi chenyewe kinatosha. Na mtu akitanguliza *laiti*, sentensi inapata majuto juu ya dhana: laiti wangalijua. Kwa mapokeo yetu, basi, umbo hili limezoeleka zaidi katika kuomboleza kuliko katika kubuni. Majuto ni mjukuu.

Jambo la tatu ndilo kiini cha mhadhara huu. Riwaya ya historia mbadala haiandikwi kwa -ngali-. Hakuna msomaji atakayevumilia kurasa 500 za “angaliondoka, angalifika, angalipiga”. Mtunzi huliweka -ngali- mara moja tu, tena nje ya ukurasa, katika makubaliano baina yake na msomaji. Kisha husimulia hivi:

(3) Walikuwa na bunduki. Wakapigana, wakashinda, wakaingia mjini.

Viambishi -li- na -ka- ni vya mwanahistoria na ni vya mpiga hadithi pia. Ndivyo vilivyomo katika vitabu vya shule, na ndivyo vilivyomo katika ngano za sungura na fisi. Historia mbadala ni -ngali- iliyovaa mavazi ya -li-. Hapo ndipo penye ladha yake, na hapo hapo ndipo penye hatari yake. Msomaji anayeijua historia hulisikia -ngali- lililofichwa katika kila kitenzi, naye hulinganisha. Msomaji asiyeijua husikia -li- tupu, na huenda akaondoka na habari ya uwongo. Kwa hiyo utanzu huu unahitaji hadhira iliyokwisha kusoma historia yenyewe, wala hauwezi kuchukua nafasi yake.

5. Jaribio: platuni moja Umatumbi, mwaka 1905

Tufanye jaribio. Tuchukue platuni ya askari 30 wa Kitanzania wa siku hizi, tuiweke katika vilima vya Umatumbi mwezi Julai 1905, wakati watu walipoanza kung'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kila askari ana magazini 10 zenye risasi 30. Je, wangalibadili nini?

Tuanze na risasi. Kila askari ana risasi 300, na platuni nzima ina risasi 9,000. Kwa mwendo wa risasi 600 kwa dakika, akiba ya mtu mmoja haizidi nusu dakika ya kufyatua mfululizo. Hata akipiga moja moja kwa uangalifu, hakuna ghala la kumwongezea, kwani risasi yake haiingii katika gobori, na ya gobori haiingii katika bunduki yake. Agosti 30, 1905, wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge na kuuawa kwa wingi na bombomu za Wajerumani. Platuni yetu ingaliweza kuligeuza pambano kama hilo. Lakini vita vilienea kuanzia pwani ya Kilwa hadi Ungoni, na platuni ni moja.

Pili ni lugha, na hapa watunzi wengi hupita upesi mno. Askari wetu wanazungumza Kiswahili sanifu, lugha ambayo usanifishaji wake ulipewa chombo rasmi mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, kwa msingi wa Kiunguja. Wamatumbi wa mwaka 1905 walizungumza Kimatumbi, na majirani zao Kingindo, Kipogoro na Kingoni. Kiswahili walikijua wengi wao kama lugha ya pwani na ya biashara, lakini pia kama lugha ya akida aliyedai kodi na ya askari aliyeshika kiboko. Serikali ya Kijerumani ndiyo lugha iliyoitumia katika utawala. Mtu mwenye bunduki na sare, anayetoa amri kwa Kiswahili fasaha, angalionekana ni nani? Neno lenyewe *askari* lilikuwa jina la adui.

Tena angalisema nini? Akisema *kifaru* akikusudia gari la vita, angalieleweka kuwa anamtaja mnyama, maana vifaru vya chuma vilitokea vitani kwanza mwaka 1916. Akisema *ndege za kivita*, angalichekesha. Akisema *uhuru*, msikilizaji wa pwani angalifikiri kwanza hali ya mtu asiye mtumwa, na maana ya nchi kujitawala ingalihitaji maelezo. Akipewa barua ya Kiswahili kutoka Kilwa, yumkini ingalikuwa katika hati ya Kiarabu, naye asingaliweza kuisoma. Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga utenzi wa vita hivi, alikuwa mtu wa mapokeo hayo ya hati na elimu.

Hata hivyo tusikifanye Kiswahili kuwa lugha ya upande mmoja. Habari za dawa zilienea kwa mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita *njwiywila*, lakini neno lililovuka mipaka ya makabila na kuvipa vita jina lake ni la Kiswahili: maji. Lugha ile ile ilibeba amri ya mtawala na mwito wa waliomkataa.

Tatu ni njaa. Gavana Götzen na maofisa wake walivimaliza vita kwa kuchoma mashamba, maghala na vijiji. Taarifa ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye, akiwamo G. C. K. Gwassa, walikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wa hao waliuawa na njaa. Hapa ndipo bunduki inaposhindwa kabisa. Bombomu ilipigana siku moja mahali pamoja, lakini njaa ilifika kila kijiji na kukaa. Kama askari wetu wangalikuwa na kitu kimoja cha kuwafaa watu wale, kingalikuwa sentensi: ficheni chakula, tawanyeni maghala, kwa maana watakuja kuchoma. Na sentensi hiyo ingalihitaji mtu anayejua Kimatumbi.

6. Neno la Kinjeketile

Jaribio letu limetufikisha pale walipofika Turtledove na Kawaguchi, yaani penye maarifa. Lakini fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuliuliza swali hili, tena kwa ukali zaidi na bila kumsafirisha mtu yeyote. Nazungumzia *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969.

Kinjikitile Ngwale wa historia, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Kinjeketile wa tamthilia, ambaye hata jina lake limetofautishwa kwa irabu, ni mtu anayeliona neno lake likimponyoka. Maji yamewaunganisha watu waliokuwa wakitazamana kwa uadui, na kuwapa imani. Anapoanza kutilia shaka anataka kuwazuia wasubiri, lakini wanaomwamini hawasubiri tena. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uwongo. Anakataa, kwa kuwa anafahamu kuwa kukiri kwake kungalitumiwa kuwafunza vizazi vijavyo kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa.

Tumfikirie sasa askari wetu anayetoka wakati ujao. Anajua kwa hakika kwamba maji hayazuii risasi. Akinyamaza, watu watakufa Mahenge. Akisema, huenda ule umoja uliojengwa juu ya maji ukavunjika kabla haujainua jembe wala mkuki. Hapa hakuna jibu jepesi, na mtunzi anayempa jibu jepesi atakuwa hajaielewa hali. Tena kuna swali la haki. Kizazi cha 1905 kiliamua kupigana kwa vitu kilivyokuwa navyo. Tukiwapelekea platuni ya kuwaokoa, vita vinakuwa vyetu, na wao wanabaki watazamaji wa ukombozi wao wenyewe. Twain, kwa kumfanya Hank Morgan amalizie katikati ya maiti, aliionya hadhira yake juu ya mkombozi wa aina hiyo.

Riwaya ya Kiswahili ina namna nyingine ya kuvusha watu baina ya nyakati. Katika *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 2001, mzimu wa babu ndiye anayemjia mjukuu mwenye cheo na kumtembeza auone uozo wa maisha yake na ya nchi. Mwelekeo ni kinyume: jana ndiyo inayokuja kuihoji leo. Katika historia mbadala tunakwenda kuwasahihisha waliotutangulia. Katika mkondo huu wao ndio wanaokuja kutusahihisha sisi. Nadhani mwandishi wa Kiswahili atakayeandika historia mbadala iliyo nzuri ataiweka mielekeo yote miwili katika kisa kimoja. Askari wake watakwenda na silaha, na watarudi wakiwa wameulizwa maswali.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. La kwanza, masimulizi ya askari wa leo katika vita vya jana, katika mifano yake iliyo bora, hayaitukuzi bunduki. Yanaonyesha mpaka wake. La pili, utanzu huu ni -ngali- inayosimuliwa kwa -li- na -ka-, na kwa hiyo unamtaka mwandishi na msomaji waijue historia kabla ya kuigeuza. La tatu, mtunzi akiipeleka dhana hii katika Majimaji, hawezi kuikwepa lugha, njaa, wala haki ya waliokufa ya kubaki wenye vita vyao.

Kwa wanafunzi walioko hapa nina pendekezo moja la kiutafiti. Masimulizi ya wazee kuhusu Majimaji, yaliyokusanywa na wanafunzi na walimu wa Dar es Salaam katika miaka ya 1960, yasomwe upya kwa jicho la sarufi. Tuchunguze ni wapi msimulizi anaacha -li- na -ka- na kuingia katika -nge- au -ngali-, na lugha yake ya kwanza ilikuwa na njia gani ya kusema jambo lile lile. Pale anapobadili kiambishi ndipo anapotuambia ni saa ipi, kwa maoni yake, mambo yangaliweza kwenda vingine. Mwanahistoria atafaidika na orodha ya saa hizo, na mwandishi wa riwaya pia.